Rebi Niliyemtunga Mwenyewe

Jana mchana, baada ya wali na kabla ya toba, nililala nikaota.

Najua, najua. Jana ilikuwa siku ya kwanza kati ya mbili za Rosh Hashana, Mwaka Mpya wetu sisi Wayahudi, siku ambayo huko juu majina yanaandikwa: huyu ataishi, yule atakwenda, na yule mwingine atayumbishwa kwanza. Na wahenga wetu walishasema kwamba anayelala mchana wa Rosh Hashana, bahati yake nayo inalala mwaka mzima. Hata watoto wanalijua hilo. Mke wangu Penina alinikuta nimejinyoosha kwenye kochi, akasema, "Baba Tirza, usilale." Nikamjibu, "Silali, natafakari." Mcha Mungu halali, anatafakari, na akitafakari sana anakoroma.

Lakini kabla ya ndoto yenyewe kuna jambo moja lazima mlijue, nami nalisema kwa shingo upande.

Sisi ni wachache hapa Lushoto. Sinagogi letu ni chumba kimoja cha bati la kijani nyuma ya bustani ya matufaha. Sheria inataka wanaume kumi ndipo Torati itolewe kabatini isomwe, na sisi tulikuwa kumi kamili, hakuna hata wa akiba. Shemeji yangu Naftali Singano, aliyemuoa dada yangu Keturah, ndiye alikuwa mpuliza pembe: ile pembe ya kondoo dume inayopulizwa Mwaka Mpya kuwaamsha waliosinzia rohoni. Mimi nilikuwa msimulizi. Tukiketi mezani nilikuwa nawapa hadithi za marebi wa zamani, wale watakatifu wa nchi za baridi walioongea na malaika kama unavyoongea na jirani.

Mwaka jana pembe ilimgomea Naftali. Ikakohoa, ikatoa upepo, ikanyamaza. Inatokea, pembe ni pembe. Tulipoketi kula, mimi nikasafisha koo nikasimulia habari za Rebi Zelik wa Pobrutka, ambaye siku moja, theluji ikianguka, alimsimamisha mpuliza pembe wake mbele ya watu wote akamwambia: "Pembe haina kosa. Kinywa ndicho kichafu." Watu wakasema "Aaah!" kwa utamu wa hekima. Halafu macho yote yakamgeukia Naftali. Akaiacha sahani yake ilivyo, akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga sinagogi. Tukabaki watakatifu tisa, na Torati ikabaki kabatini.

Sasa, huyo Rebi Zelik hayumo kwenye kitabu chochote. Nilimtunga mwenyewe, njiani, kati ya sinagogi na meza. Jina la mji nililiunga kutoka kwenye kibandiko cha trekta bovu. Na mkitaka sababu, sababu ni wivu. Pembe ile niliitamani tangu nina miaka kumi na mitatu. Nikaipata.

Msidhani sikutubu. Nilitubu sana! Juzi, kabla sikukuu haijaingia, wakati ambao kila mtu anamfuata aliyemkosea kumwomba radhi, niliandika kwenye kundi letu la simu: "Wapendwa, yeyote niliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua, anisamehe. Mwaka mtamu!" Nikaweka na picha ya tufaha na asali. Naftali aliusoma. Hakujibu. Nikasema basi, upande wangu nimeshamaliza.

Nikiwa na moyo mweupe namna hiyo, nikalala.

Nasikia mtu anakoroma, na si mimi. Nafungua macho. Miguuni pangu, kwenye kochi hilohilo, amejikunja mtu mnene aliyevaa kanzu yangu ya sikukuu. Mate yanamtoka. Amelala usingizi wa pono.

"Usimguse," inasema sauti kutoka mezani. "Huyo ni bahati yako. Umelala, naye kalala."

Aliyesema ni kichwa cha samaki. Ni yule sato tuliyemweka mezani asubuhi kama desturi yetu ilivyo, tukaomba: tuwe kichwa, tusiwe mkia. Sasa amejiegemeza kwenye bakuli la asali, na jicho lake moja limenikazia.

"Asubuhi mliomba kichwa," anasema. "Nimekubali uteuzi. Kuanzia sasa mimi ndiye kichwa cha nyumba hii. Mkeo nimeshamtaarifu, amesema haoni tofauti yoyote."

"Hongera," nikasema.

"Ahsante. Sasa sikiliza. Huko juu wanasoma majina, na wamefika herufi yako. Kila mtu anasimamiwa na bahati yake. Jina likiitwa, bahati yako ndiyo inayoitika. Asipoitika mtu, wanaandika wanavyojua wenyewe."

"Wanajua nini?"

"Kila kitu," akasema kichwa cha samaki. "Ndiyo maana ni vizuri awepo mtu wa kukutetea. Una muda mpaka jua lizame. Na huyo haamshwi kwa kutikiswa, anaamshwa kwa pembe."

Kumbe ni hilo tu! Mpuliza pembe si mimi? Nikaenda rafuni kwa madaha, nikaitwaa, nikaiweka mdomoni.

"Ngoja kwanza," ikasema pembe. "Fungua kinywa."

"Cha nini?"

"Ukaguzi. Tangu mwaka jana kuna kanuni. Pembe haina kosa, kinywa ndicho kichafu. Wewe si ndiye uliyeitangaza? Basi sisi pembe tumeipitisha kama ilivyo. Hakuna kupuliza bila kukaguliwa. Nchi nzima kuna foleni."

Kweli, nachungulia dirishani, foleni imefika barabarani. Wazee kwa vijana wamesimama wameachama, na pembe zinapita mstarini zikichungulia. Nami nikaachama. Pembe ikaingia na ncha yake mpaka kooni, ikanong'ona na meno, ikakaa humo muda mrefu kupita adabu.

"Huku nyuma kuna mtu," ikasema.

"Mtu gani?"

"Mzungu, mzee. Ana kofia ya manyoya. Anasema amechoka kusimama."

Na hapo akatoka. Alishika meno ya chini kama mtu anayeruka ukuta, akavusha mguu mmoja, akavusha wa pili, akadondokea kwenye zulia. Ndevu nyeupe mpaka kifuani. Akajikung'uta, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," nikajibu, maana adabu ni adabu, hata kama anayekuamkia ana miaka themanini.

"Mimi ni Zelik wa Pobrutka. Karibu kwangu."

Kufumba na kufumbua, kochi hakuna. Tuko Pobrutka, na theluji imetufika magotini. Ila mimi theluji sijaiona maishani isipokuwa ile inayoganda ndani ya friji yetu, kwa hiyo theluji ya Pobrutka yote ilinuka maharage ya juzi. Nyumba ilikuwa moja, nayo ilikuwa na upande wa mbele tu.

"Pazuri," nikasema.

"Baba, usinitanie," akasema Rebi Zelik. "Nina maswali. Mke wangu anaitwa nani?"

Nikajifanya naitazama theluji.

"Wanafunzi wangu je? Nakula nini? Ulinipa kofia ya manyoya, hata mnyama hukumtaja, mwaka mzima kichwa kinaniwasha na sijui nimlaumu nani. Ulisema nimevaa nadhifu kuanzia kofia mpaka soksi, ukaishia hapo. Viatu hukunipa! Nasimama kwenye theluji na soksi. Na maneno ulinipa sentensi moja tu, haya ya leo nimeyaokota kinywani mwako. Nikitaka maji, nasema, 'Pembe haina kosa, kinywa ndicho kichafu.' Nikimwona mbwa, nasema hivyohivyo. Mbwa amehama."

"Lakini ulipendwa sana," nikamtuliza. "Watu walisema 'Aaah!'"

"Niliwasikia. Wakati wanasema 'Aaah', mimi nilikuwa namwangalia huyu."

Akanyoosha kidole. Ndipo nikamwona mpuliza pembe wangu, yule wa hadithini. Amesimama palepale nilipomsimamisha mwaka jana, mikono kando, theluji begani. Uso hana, sikumpa. Ila masikio anayo, na ni ya Naftali, lile la kushoto na kovu lake dogo alilolipata siku tulipokuwa tunakata fito za kibanda cha sikukuu, mimi na yeye, panga likiwa mkononi mwangu. Siku ile alicheka, akasema, "Shemeji, bado ninalo jingine."

Nikaona aibu. Si aibu ya kuonyesha watu, hiyo ninayo nyingi. Hii nyingine sikujua niiweke wapi.

"Kila siku inabidi nimwambie," akasema Rebi Zelik. "Anainamisha kichwa, kesho namwambia tena. Baba, hadithi yako haina mwisho. Baada ya kuambiwa vile, huyu mtu alifanya nini?"

"Aliondoka."

"Akaenda wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Akawa anafanya nini huko, mwaka mzima?"

"Sijui."

"Hujui! Nyumba yake iko mbali?"

"Dakika kumi na tano kwa mguu," nikasema. "Kuna mteremko kidogo."

Rebi Zelik alinitazama, akashika kofia yake ya mnyama asiyejulikana. Hakunitupia ile sentensi yake, na kwa mtu mwenye sentensi moja huo ulikuwa ukarimu.

Nikajitetea. Nikasema dhambi zina utaratibu wake, na leo si siku ya kwenda mtoni? Maana Rosh Hashana alasiri tunakwenda kwenye maji yenye samaki, tunakung'uta mifuko, na dhambi zinakwenda na maji. Hapohapo tukawa mtoni. Theluji ikaisha, ila ile harufu ya maharage ilitufuata. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta dhambi yangu, nzito, ina umbo la kibandiko cha trekta. Nikaitupa katikati ya mto kwa nguvu zangu zote.

Ikarudi na kunipiga kwenye paji la uso.

"Nani katupa hii?" akauliza samaki mmoja, mwenye sauti ya karani anayekaribia kufunga ofisi.

"Mimi, Gedalia."

"Hii si ya hapa. Za kwako na Mungu tunapokea, lete hata gunia. Lakini hii ina mwenyewe. Imeandikwa Naftali Singano, nyumba ya pili baada ya daraja. Peleka kwa mwenyewe."

"Nimeshamwomba radhi. Nilituma ujumbe."

"Hata sisi tumeupata," akasema samaki. Wenzake wakaibua vichwa, mto mzima, mamia, wakaitikia kwa heshima. "Tumekusamehe. Hatukujui, wala hujatukosea lolote, ila tumekusamehe. Picha ya tufaha ilikuwa nzuri."

Jua sasa limegusa mlima. Nyuma yangu, kwenye majani ya ukingo, bahati yangu imegeukia upande wa pili, inakoroma kwa kibwagizo. Pembe inaning'inia shingoni mwangu, na inaniambia bila haraka kwamba huko juu wamefika jina linalotangulia langu.

"Basi nikupulize!" nikaiambia. "Niokoe!"

"Mimi sina neno," ikasema pembe. "Kinywa chako kina mtu. Sema tu nani alimtunga, kitakuwa wazi, nami nitalia mpaka Tanga wasikie. Ni maneno mawili."

Maneno mawili! Kwa mtu kama mimi, niliyesimulia saa tatu mfululizo siku ya mvua watu wakasahau chakula? Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti: "Nimeisikia kwa mwalimu wangu."

Pembe kimya.

"Wazee wamesimulia," nikasema.

Samaki mmoja akakohoa.

"Kuna kitabu kimoja, kimepotea—"

"Baba," akasema Rebi Zelik taratibu, "acha tu. Nitakwenda mimi."

"Uende wapi?"

"Kwa huyo Naftali. Kumwomba radhi. Kosa nililifanya mimi kwa kinywa changu, japo kinywa changu ni chako. Dakika kumi na tano, umesema? Na mteremko?"

Akainua kanzu yake, akavuka mto mahali penye kina, soksi na yote, na samaki wakampisha. Nikamwita. Nikataka kusema, "Usiende, nitakwenda mwenyewe," lakini kilichotoka ni, "Inasimuliwa kwamba..." Hakugeuka. Na huko juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu akaita, "Gedalia?" Hakuna aliyeitika, ni kukoroma tu.

"Gedalia! Baba Tirza! We!"

Ni Penina, amenishika bega.

"Umelala," akasema.

"Nilikuwa natafakari."

"Ulikuwa unatafakari kwa sauti. Ulisema 'mteremko' mara nne. Amka, saa kumi imepita, watu wanakwenda mtoni."

Nikanawa uso, nikavaa kanzu. Mezani kichwa cha sato kilikuwa kwenye bakuli lake, kimya, kama vichwa vyote vya samaki wenye busara. Ndoto tu, nikajiambia. Wali mwingi. Nikafuatana na wenzangu, wale watakatifu wanane, tukiimba. Tulipofika njia panda, wao wakashika njia ya mtoni. Miguu yangu ikashika ile ya darajani. Sikuiamuru, nasema kweli, mimi si mtu wa kujisifu kwa kitu ambacho sikukifanya, isipokuwa mara chache.

Nyumba ya pili baada ya daraja. Naftali alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda. Amekonda. Dada yangu Keturah alikuwa karibu na mlango anapepeta mchele, akaniona, ungo ukasimama mikononi.

Na kwenye kamba ya nguo, katikati ya ua, zilikuwa zimeanikwa soksi mbili za sufu nene za kijivu. Zinachuruzika maji.

Sasa, mtu asiyetujua atasema, soksi, ni nini? Lakini siku ya sikukuu sisi hatufui wala hatuaniki. Nyumba ya dada yangu haijawahi kuwa na hata leso kwenye kamba siku kama ile. Halafu upepo ukavuma kutoka upande ule, nikasikia harufu ya maharage.

"Shemeji," nikasema. "Hizo ni za nani?"

"Ndiyo salamu hiyo?" akasema Keturah.

"Mwache," akasema Naftali. "Alikuja mzee mmoja, saa moja hivi iliyopita. Kavaa kofia ya manyoya na jua hili! Kaniomba msamaha. Nikamwambia, mzee, mimi sikujui. Akasema, 'Ni kweli, hakuna anayenijua.' Akaomba tena, mara ya pili. Nikamwambia, kama umetumwa, mwambie aliyekutuma aje. Akavua soksi, akaanika. Nikamweleza leo hatuaniki. Akasema sheria zinawahusu waliozaliwa, yeye katungwa tu. Akaondoka peku."

Nikatafuta pa kuangalia. Nikaangalia soksi, nikaangalia kovu la sikio lake.

"Hadithi ile ya mwaka jana," nikasema. "Ya pembe na kinywa. Niliitunga mimi."

Naftali akageuka kwenye kigoda chake.

"Hakuna Rebi Zelik. Hakuna Pobrutka. Niliitunga njiani, kwa sababu niliitaka pembe. Hakuna mtakatifu yeyote aliyewahi kusema neno lile. Nililisema mimi."

Keturah aliweka ungo chini. Nilidhani atanipiga nao, na ningestahili. Lakini alikuwa anamtazama mumewe.

"Mwaka mzima," akasema Naftali polepole, "kila asubuhi nasukutua kwa maji ya chumvi. Muulize dada yako. Nasukutua, nakaa hapa, najiuliza ni neno gani nililosema, kwa nani, lini, hata mtakatifu wa Mungu alione kutoka huko alikokuwa. Nimekumbuka maneno yangu yote tangu utoto, Gedalia. Yote. Sikulipata."

"Halipo," nikasema. Na hapo nikalia, jinga zima, na kanzu yangu ya sikukuu. "Halipo, shemeji. Nisamehe."

"Hiyo ni ya tatu," akasema Keturah, kwa sauti ndogo. Kwetu, mtu akiombwa mara tatu, halafu akakataa, kosa linahamia kwake.

Naftali alipitisha ulimi kwenye meno yake, taratibu, juu na chini, kama mtu anayeingia nyumba aliyofungiwa nje. Soksi zilikuwa zinadondosha maji tu.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" akauliza.